Kabla ya Ufunguo, Karatasi

Kila Januari, Njiapanda ya Nyololo inapokea wageni wanaotafuta pa kulala. Mwalimu aliyepangiwa kituo kipya anashuka kwenye basi, godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba. Kijana aliyepata kibarua cha kupakia mbao anaulizia chumba gengeni. Mzazi kutoka kijiji cha ndani amemleta binti yake aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, naye anatafuta mahali pa kumwacha kabla hajapanda bodaboda kurudi kwake.

Wote watatu watapita njia ileile. Watauliza dukani au kijiweni, mtu atawapeleka kwa mtu, chumba kitafunguliwa, bei itatajwa. Fedha zitahesabiwa mkononi au zitatumwa kwa simu, kisha ufunguo utatolewa. Hakuna atakayeandika hata mstari mmoja. Miezi mitatu baadaye, bati likivuja au kodi ikipandishwa ghafla, kila upande utakuwa na kumbukumbu yake, na mwenyekiti wa kitongoji ataitwa kuamua ugomvi ambao hauna ushahidi.

Msimamo wetu ni huu. Kila chumba kinachopangishwa Nyololo, kiwe cha udongo au cha matofali ya kuchoma, kiandikiwe mkataba kabla ufunguo haujatoka, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Na mwanafunzi asihesabiwe mpangaji hata siku moja. Mpangaji awe mzazi au mlezi wake, kwa jina na kwa saini.

Tunaitaja Nyololo kwa sababu mahali ilipo ndipo panapolifanya jambo hili kuwa la haraka. Kata hii ya Wilaya ya Mufindi imekaa kwenye barabara kuu ya TANZAM, kati ya Mafinga na Makambako, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Igowole na Kibao kuelekea Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Mbao, nguzo, chai, viazi na mahindi vinapita hapa. Jirani kuna shamba la miti la serikali la Sao Hill, lenye zaidi ya hekta 135,000, na kazi za misitu zinavuta vibarua, madereva na wachana mbao kutoka kila upande wa nchi. Zamani mgeni alifikia kwa mjomba wake, na undugu ulitosha kuwa mkataba. Leo mgeni hana ndugu hapa, na mara nyingine mwenye nyumba naye anaishi Dar es Salaam, amemwachia mdogo wake funguo. Watu wawili wasiofahamiana hawawezi kuishi kwa kuaminiana peke yake.

Wapo wanaodhani sheria inawalinda hata bila karatasi. Inawalinda kwa sehemu tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja ufanywe hata kwa mdomo. Sheria hiyohiyo inamwekea mwenye nyumba wajibu ambao upo hata usipotajwa: amwache mpangaji akae kwa utulivu, atunze paa na kuta kuu, na nyumba ya kuishi iwe inafaa kuishi. Mpangaji naye anawajibika kulipa kodi na kuitunza nyumba. Lakini mahakamani na barazani, mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Ukisema ulilipa miezi sita na mwenzako akasema ni mitatu, baraza litakuuliza una nini mkononi. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinga nyingine iliondoka zamani. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya pango ni makubaliano ya watu wawili. Wizara ya Ardhi imezungumza mara kadhaa juu ya sheria mpya ya kusimamia sekta ya milki, pamoja na desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Wenzetu wa Uganda walitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inataka mkataba wa maandishi pale pango linapofika shilingi 500,000 za huko. Tunaliomba Bunge letu lifike huko. Ila Nyololo haina haja ya kusubiri Dodoma ili mtu aandike kwenye karatasi kile ambacho tayari amekitamka.

Mkataba wenyewe hauhitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe majina ya pande mbili na namba zao za vitambulisho vya NIDA, namba ya nyumba iliyotolewa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kiasi cha kodi, muda uliolipiwa, na notisi ya siku ngapi itolewe kabla ya kuhama, kuhamisha au kupandisha bei. Kisha yaandikwe mambo manne ambayo ndiyo mama wa ugomvi.

La kwanza ni umeme. Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU na wapangaji watatu au wanne. Mmoja ana jokofu la kuuzia soda, mwingine ana balbu moja, na wote wanachangishwa sawa. Iandikwe nani anachangia kiasi gani na kwa kigezo gani. Tena, pale kodi ya majengo inapokatwa kupitia LUKU, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikumbukwe kuwa hilo ni deni la mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme analipa kwa niaba yake, na ni haki kiasi hicho kikatwe kwenye pango. Wasipokiandika, hakitakatwa.

La pili ni matengenezo. Kitasa kikifa, bati likivuja, shimo la choo likijaa, nani atatoa fedha, na ndani ya siku ngapi? Mpangaji anayetengeneza kwa fedha zake bila maandishi asitegemee kurudishiwa.

La tatu ni maji: bili ya bomba, zamu ya kuchota, na nani anadaiwa jumuiya ya watumia maji ikija kukata. La nne ni hali ya nyumba siku ya kuingia. Simu za mkononi zipo. Pigeni picha za kuta, sakafu, mlango na dirisha mkiwa wawili, kila mmoja abaki nazo. Siku ya kuhama hakuna atakayebishana kuhusu kioo kilichopasuka.

Kabla ya karatasi kuna kazi ya macho, na wengi huiruka kwa haraka ya kupata pa kulala. Kachungulie chumba mvua ikiwa imenyesha. Dari lenye madoa limekwisha kusema. Hesabu kaya zinazotumia choo kimoja. Uliza kama mita ina deni. Badilisha kufuli au kitasa siku ileile ya kuhamia, kwa sababu hujui funguo zilizokutangulia ziko mikononi mwa nani. Na hakikisha dirisha linafunguka. Baridi ya Mufindi, hasa Juni na Julai, inawasukuma watu kuingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba kila upenyo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala huenda asiamke. Mwenye nyumba anayepangisha chumba kisicho na dirisha anapangisha hatari. Mpangaji anayelala na jiko ndani anahatarisha roho yake na ya watoto wake. Pande zote mbili tunawaambia: jiko likae nje, na dirisha liachwe wazi kidogo hata kama baridi inauma.

Kuhusu madalali, hatuna ugomvi na kazi yao. Anayekutembeza jua kali mpaka ukapata chumba anastahili ujira. Tunachopinga ni fedha ya kuoneshwa nyumba inayotozwa hata mtu asipopata kitu, na tunapinga zaidi tabia ya dalali kupokea kodi. Tuchukulie chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Ukidaiwa miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa udalali, unatoa 210,000 kwa siku moja, mara nyingi kabla ya mshahara wa kwanza. Kiasi hicho kisiende kwa mtu usiyejua kama ana mamlaka na nyumba. Hapa kijiji kina nafuu ambayo mji hauna: mwenyekiti wa kitongoji anajua kila nyumba ni ya nani. Mpigie kwanza, ndipo ulipe. Lipa kwa namba ya simu yenye jina la mwenye nyumba, na ujumbe wa muamala usiufute.

Wenye nyumba nao wana madai ya haki. Wengi wao hapa hawana utajiri wowote. Ni mjane aliyeachiwa vyumba vinne, au mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake, na kodi hiyo ndiyo dawa na unga wa mwezi. Wapo wapangaji wanaohama usiku wakiacha deni la miezi miwili na bili ya maji. Wapo wanaoingia mmoja na baada ya wiki wakawa watano. Maandishi yanamlinda mwenye nyumba kwa kipimo kilekile: jina kamili, mahali anapofanya kazi, mdhamini mmoja anayejulikana, na idadi ya watu watakaoishi. Hayo ana haki ya kuyauliza. Asichokuwa na haki nacho ni kumfukuza mtu mlangoni kwa sababu ya kabila au dini yake, au kumnyima mama chumba kwa kuwa tu anaishi na wanawe bila mume. Mama huyo analipa kodi kama wengine.

Na kodi isipolipwa, njia si kung'oa mlango au kutupa vyombo nje. Ni notisi kwa maandishi, kisha usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Pasipopatikana suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Safari hiyo ina gharama kwa wote wawili, na ukurasa mmoja ulioandikwa mapema unaweza kuizuia.

Tunafika sasa kwenye jambo linalotuuma kuliko yote: watoto wanaoishi kwenye mageto, yaani vyumba wanavyopangishiwa karibu na shule.

Historia yake inaeleweka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta sekondari za kata nchi nzima, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Ni hatua kubwa, na vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini wamesoma kwa sababu hiyo. Lakini vijiji vya kata moja vinaweza kuachana kwa milima na mabonde, na mtoto anayetembea kwa muda wa saa mbili kila asubuhi kwenye ukungu na mvua hufika shuleni amechoka kabla somo la kwanza halijaanza. Pasipo na bweni, mzazi hufanya linalowezekana. Anampangia chumba karibu na shule, anamwachia debe la unga, maharage na fedha kidogo, kisha anarudi shambani.

Mtoto wa miaka 14 anabaki peke yake. Anapika mwenyewe, anatafuta kuni mwenyewe, anafunga mlango kwa komeo ambalo teke moja linalifungua. Unga ukiisha kabla ya mwezi kwisha, atakayejitokeza kumsaidia binti si lazima awe na nia njema. Mvulana naye ana majaribu yake, na masika yote ulanzi haukosekani vilabuni. Wazazi wanajua haya. Walimu wanajua, maana ndio wanaoita majina asubuhi na kusikia kimya. Wenye nyumba pia wanajua.

Sheria haina utata hapa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwa Sheria ya Mikataba asiyefikia umri wa utu uzima hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba. Kwa hiyo mwanafunzi anayepokea ufunguo na kulipa kodi kwa mkono wake si mpangaji kisheria. Ni mtoto aliyewekwa ndani ya chumba pasipo mtu mzima aliyekubali kuwajibika. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Adhabu hiyo ni nzito na tunaiunga mkono. Lakini inakuja baada ya mtoto kuumizwa, na kijiji kina wajibu wa kufika mapema.

Dawa ya kudumu ni mabweni. Halmashauri, wazazi na wadau waendelee kuyajenga, na sekondari zenye wanafunzi wa vijiji vya mbali zitangulizwe. Hadi hapo, tunataka mambo yafuatayo yawe sharti kwa kila mwanafunzi anayepangishiwa chumba. Mzazi au mlezi aje mwenyewe, asaini, aache namba yake ya simu. Nyumba iwe na mtu mzima anayeishi humo, na jina lake liandikwe kwenye mkataba kuwa ndiye mwangalizi. Wasichana wasichanganywe na wavulana wala na vibarua wanaume chini ya paa moja. Mkuu wa shule apewe nakala, awe na orodha ya vyumba vyote wanamoishi wanafunzi wake, na mwalimu wa malezi avitembelee. Mwenye nyumba asiyetaka masharti haya apangishe watu wazima.

Tunajua pingamizi tatu zitakazoletwa. Ya kwanza: sisi tunaaminiana. Vizuri, na anayeaminiwa hapotezi chochote kwa kuandika alichoahidi. Ugomvi mwingi hautokani na wizi. Unatokana na watu wema wawili walioelewa neno moja kwa namna mbili.

Ya pili: maandishi yatamleta mtoza kodi. Hofu hii ndiyo inayowafanya wenye nyumba wengi waseme tuache tu hivihivi. Jibu letu ni kwamba wajibu wa kodi kwa mapato ya pango upo kwenye sheria, mkataba uwepo au usiwepo. Kukosa karatasi hakumwondolei mtu deni lake la serikali. Kunamwondolea ushahidi wake tu siku atakapouhitaji.

Ya tatu ina uzito zaidi: mtendaji wa kijiji ataanza kudai fedha ya muhuri. Ni kweli, huduma njema nyingi zimeharibiwa kwa elfu mbili ya chai. Ndiyo maana tunasema utaratibu huu uwe bure, na neno bure liandikwe kwenye fomu yenyewe kwa herufi kubwa. Kijiji kinanufaika kwa namna nyingine, kwa sababu daftari la wakazi litakuwa sahihi. Mgeni akiugua au akipata ajali kwenye barabara kuu, patakuwa na mahali pa kutafuta ndugu zake.

Hakuna sheria mpya ya nchi inayohitajika ili haya yaanze. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikipitia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Vijiji vya Kata ya Nyololo vitangulie. Mtendaji wa kata aandae fomu moja ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, na nakala ziwepo kila ofisi ya kijiji na kwa kila mwenyekiti wa kitongoji. Zikionekana kufaa hapa, Igowole wazichukue, na Mafinga na Makambako pia. Iringa na Mbeya mjini, ambako wanavyuo wanahangaika na vyumba kila muhula, wazitazame.

Kwa mwenye nyumba anayesoma haya: andika, hata kama mpangaji wako hajaomba. Kwa mpangaji: usitoe shilingi kabla ya kusaini, hata kama giza linaingia na chumba ni kizuri. Kwa mzazi: saini wewe, usimwachie mtoto. Na kwa viongozi wa vijiji: jambo hili halihitaji bajeti wala mfadhili. Linahitaji mkutano mkuu mmoja, ajenda moja, na wananchi kunyoosha mikono.